Supaglu imetia ukungu kioo cha ndege yangu: nitumie gundi gani?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina miaka 19. Mjomba anayeishi Uingereza aliniletea seti ya plastiki ya kuunda ndege ya kivita ya Uingereza, de Havilland Mosquito, kipimo cha 1/72. Haikuja na gundi, nikatumia supaglu ya dukani. Siku ya pili kioo cha rubani kilikuwa na ukungu mweupe usiofutika, na bawa la kushoto liliachia ndege ilipoanguka kutoka mezani, tena ilianguka kwenye mkeka tu. Nikiimaliza nataka kumtengenezea babu ngalawa ya mbao, urefu wake kama mkono wangu, na nataka ielee kweli. Je, ipo gundi moja nzuri ya kufanyia kazi zote hizi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Gundi moja ya kazi zote haipo. Kwa ndege yako unahitaji gundi ya plastiki ya majimaji kwenye kiwiliwili na mabawa, na gundi nyeupe kwenye kioo. Kwa ngalawa unahitaji epoksi. Supaglu iweke kando. Ina kazi zake chache nitakazozitaja.

Sasa nikupe sababu, maana bila sababu utarudi dukani na kuchukua chupa ileile. Mimi natengeneza modeli za majengo kwa ajili ya wasanifu hapa Dar es Salaam, na ndege na vyombo vya baharini kwa mapenzi yangu mwenyewe. Kijana akija kujifunza kwangu, kwa kawaida ananiuliza gundi ipi ina nguvu. Mimi humrudishia swali: hii uliyoishika inakaukaje? Gundi nyeupe ya mbao hukauka kwa kupoteza maji. Supaglu hukauka kwa kupata maji. Gundi ya plastiki huyeyusha kile inachokigusa, kisha yenyewe ikaondoka. Epoksi ni vitu viwili vinavyokutana na kugeuka kitu cha tatu. Ukishalijua hilo kuhusu chupa uliyonayo mkononi, karibu kila kitu kingine unaweza kukikisia mwenyewe.

Tuchukue kioo chako. Supaglu ni sayanoakrileti, na kinachoigandisha ni unyevu. Hata ule unyevu mdogo usioonekana juu ya plastiki unatosha kuifanya ishikane kwa sekunde chache. Lakini gundi yote haibaki kwenye ungio. Sehemu yake hupaa kama mvuke, mvuke ule ukakutana na unyevu wa hewani, ukaganda na kutua kama unga mweupe kwenye kilicho karibu. Wewe uko Tanga, hewa yako imejaa maji kama yangu hapa Dar. Ulipofunga kioo cha rubani, mvuke ukabaki ndani bila njia ya kutokea, ukatua kwenye kioo kwa upande wa ndani ambako kitambaa hakifiki. Gundi hii iligunduliwa mwaka 1942 na kundi la Harry Coover katika kampuni ya Kodak huko Marekani, wakati wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Waliiacha kwa sababu iling'ang'ania kila ilichogusa. Mwaka 1951 Coover na mwenzake Fred Joyner walirudi kwayo baada ya kunatisha vioo viwili vya kifaa cha kupimia mwanga, vikagoma kuachana, na mwaka 1958 ikaanza kuuzwa.

Kuhusu bawa, supaglu iliyokauka ni ngumu na haina mnyumbuko. Ukivuta ungio moja kwa moja litakushinda, lakini ukiligonga au ukilibandua kutoka pembeni linapasuka kama ganda la yai. Bawa la ndege ndogo hubanduliwa kila linapoguswa, kwa hiyo hata lisingeanguka siku ile lingeachia siku nyingine.

Uharibifu wako unatengenezeka, usikate tamaa. Kioo king'oe taratibu kwa ncha ya wembe. Usikiguse kwa asetoni wala kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu asetoni inayeyusha supaglu na kioo vyote pamoja, nawe utabaki na plastiki yenye makunyanzi. Chukua dawa ya meno ya kawaida, ile nyeupe isiyo ya jeli, weka kidogo kwenye kitambaa laini cha pamba chenye unyevu, usugue ndani na nje kwa mizunguko midogo. Itachukua muda. Suuza, tazama kwenye mwanga, rudia. Ukungu ule ni unga uliotua juu, haujaingia ndani ya plastiki, kwa hiyo mara nyingi hutoka. Kwenye bawa, kwangua supaglu yote ya zamani pande zote mbili mpaka uione plastiki tupu. Hapo usifanye haraka, kwa sababu gundi ya plastiki haiwezi kupenya tabaka la supaglu, na ukiacha mabaki utakuwa umebandika juu ya kitu kilichokwisha kukusaliti mara moja.

Tuje kwenye gundi ya plastiki yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha kazi hii. Plastiki ya seti yako ni polistirini. Gundi yake ni kiyeyushi: majimaji kama asetoni na butili asetati. Kampuni ya Tamiya ya Japani huuza chupa ya mililita 40 yenye kifuniko cha kijani na brashi nyembamba ndani yake, na hiyo ndiyo ninayoitumia siku zote. Revell ya Ujerumani wana yao nzito kidogo yenye sindano ya chuma, nzuri kwa sehemu zenye nafasi. Mwambie mjomba akuwekee mojawapo safari ijayo, ila aulize kwanza taratibu za mizigo, kwa sababu inashika moto na mashirika ya ndege yana masharti makali juu ya vitu vya namna hiyo. Ukiipaka, uso wa plastiki unalainika, nyuzi za molekuli za upande huu zinaingia upande wa pili, kisha kiyeyushi kinapaa. Kinachobaki ni plastiki tupu, hakuna tabaka lolote katikati. Ni kama fundi wa chuma anavyochomelea.

Namna ya kuitumia ni hivi. Osha kwanza vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana kiwandani hubaki na mafuta ya kuvitolea kwenye kalibu. Viache vikauke. Ziweke nusu mbili za kiwiliwili pamoja zikiwa kavu, hakikisha zinakutana, zishike. Sasa gusisha ncha ya brashi kwenye mstari wa ungio, mara moja tu. Utaona majimaji yakikimbia yenyewe ndani ya mwanya, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Sogea sentimita mbili mbele, gusisha tena. Usipake kama unavyopaka rangi. Na uangalie vidole vyako: kidole kikikaa juu ya mstari, gundi itatambaa chini yake, na ukikinyanyua utaukuta mchoro wa dole gumba lako umechapwa kwenye plastiki. Baada ya kuhesabu hadi kumi, bana taratibu mpaka uone uzi mwembamba wa plastiki laini ukifutuka kwenye mstari wote. Uzi huo ndio ushahidi wako kwamba pande mbili zimeingiliana. Usiufute. Ukiufuta utauburuza juu ya kiwiliwili na kuharibu nakshi. Funga kwa tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, uiache ndege hadi kesho, na ukiweza siku mbili tatu. Uzi ukishakuwa mgumu, ukwangue kwa wembe kisha upitishe msasa wa maji, na mstari wote utapotea. Ukiusugua mapema, kiyeyushi kilichobaki ndani kinaendelea kutoka, na wiki moja baadaye utakuta mfereji pale ulipokuwa umesawazisha.

Kiyeyushi hakipiti kwenye rangi. Kama umekwisha kupaka rangi kabla ya kuunganisha, kwangua pale pa kuungia. Pakiwa na mng'aro wa kromu, kwangua pia.

Najua jibu lako: fundi, hiyo ya kijani hapa Tanga sitaipata. Huenda ni kweli. Watu wengi hukimbilia dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ina asetoni, lakini mara nyingi imechanganywa na maji, manukato na mafuta ya kulainisha ngozi, na hata asetoni safi hupaa upesi mno kabla ungio halijalainika sawasawa. Gundi ya mabomba ya PVC inayeyusha polistirini, lakini kwa pupa. Bawa jembamba litapinda. Kinachokaribia kufaa ni tina ya rangi za lakka, ile wanayotumia mafundi wa samani na magari. Michanganyiko yake hutofautiana duka kwa duka, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye vijiti vya fremu ulivyokatia vipande. Unganisha vijiti viwili leo, vivunje kesho. Vikivunjika mahali pengine na si kwenye ungio, umepata gundi. Vijiti hivyo hivyo vina faida ya pili: vikate vidogo vidogo, vitie kwenye kichupa cha kioo pamoja na kiyeyushi, kesho yake utakuwa na uji mzito wa plastiki wa kuzibia nyufa, wa rangi ileile ya ndege yako.

Popote utakapofanyia kazi hii, fungua madirisha. Mvuke wake unalevya na unaumiza kichwa, na unashika moto. Kiberiti, jiko na dawa ya mbu ya kuchoma vikae mbali. Na gundi ya viatu iliyomo dukani usiilete mezani kabisa. Mara nyingi ina tolueni, na sote tumewaona watoto wa mitaani wanavyoumia kwa kuinusa. Haina kazi kwenye ndege yako, basi isiwemo ndani ya nyumba yenye wadogo.

Kabla hujanunua chochote kwa ajili ya seti nyingine, jua kwamba si kila plastiki ni polistirini. Wale askari wadogo wa plastiki laini inayopinda mara nyingi ni polithini, na gundi ya plastiki haiwagusi. Kata kipande cha fremu, kipake sabuni kidogo kisishikwe na mapovu, kizamishe kwenye beseni la maji. Polistirini inazama, polithini inaelea. Mimi hufanya hivyo kwa kila seti nisiyoijua.

Umechagua ndege nzuri sana ya kujifunzia gundi, pengine bila kujua. Mosquito halisi, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, ilikuwa ya mbao. Ganda la kiwiliwili lilikuwa na balsa, mbao nyepesi mno, katikati na mbao nyembamba za mti wa Ulaya uitwao birch nje na ndani, zilizonatishwa juu ya kalibu. Tena lilitengenezwa nusu mbili, ya kushoto na ya kulia. Vifaa vingi vya ndani vikafungwa nusu zikiwa wazi, ndipo zikaunganishwa katikati. Vilevile kama unavyofanya wewe mezani. Mwanzoni walitumia gundi ya kaseini, inayotokana na maziwa. Katika nchi za joto na unyevu kaseini ni chakula cha kuvu, ikadhoofika, nao wakahamia kwenye gundi ya kemikali ya yurea-fomaldihaidi isiyoliwa na kuvu. Hata hivyo, mwaka 1944 ndege kadhaa zilivunjika angani katika eneo la India na Burma, na wachunguzi walikuta pia maungio yenye mianya ambayo mbao hazikukutana sawasawa. Mimi nikiusoma mkasa ule nawaza marubani wale. Gundi iliyofaa Uingereza ilishindwa na hewa ya joto na unyevu, na gundi bora iliyofuata haikuweza kuficha ungio lisilokaa vizuri. Ndiyo maana nakuambia uweke vipande vikavu kwanza, utazame, usugue, uweke tena, ndipo ufungue chupa.

Turudi kwenye kioo kikishang'aa. Kinatishe kwa gundi nyeupe, ile ya mbao au ya shule. Chovya kijiti cha meno, pitisha uzi mwembamba ukingoni, weka kioo mahali pake, futa kilichozidi kwa kitambaa chenye maji. Itaonekana nyeupe kwa saa kadhaa, kisha itakuwa angavu. Haina mvuke wa kutia ukungu, na ukikosea unaosha na kuanza upya. Kwa hewa ya kwetu ipe usiku mzima, kwa sababu inakauka kwa kutoa maji na hewa yetu imekwisha kushiba maji. Kioo hakibebi mzigo wowote, nguvu yake ndogo inatosha.

Supaglu itumie kwenye vipande vidogo vya chuma, vya resini, na pale vitu viwili visivyofanana vinapokutana. Tone liwe dogo kama kichwa cha sindano. Toa gundi juu ya kigae, ichukue kwa ncha ya waya. Gundi nyingi hushika vibaya kuliko kidogo. Pangaboi ikipuliza polepole itaondoa mvuke kabla haujatua. Usiimwage kwenye pamba wala usivae glavu za pamba: inapoingia kwenye nyuzi za pamba hupata joto ghafla kiasi cha kuunguza ngozi. Vidole vikinatana, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uviachanishe kwa kuvisokota, usivivute. Ikiingia jichoni, maji mengi na hospitali.

Sasa ngalawa ya babu. Muulize mwenyewe: ngalawa ya kweli huchongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la mwembe, kwa hiyo kiwiliwili chake hakina gundi hata tone. Nawe ukipata kipande kizima cha mbao laini, chonga hivyo hivyo. Huko ndiko kumheshimu babu na chombo chake. Gundi itabaki kwenye kiti cha mlingoti, miti ya kushikia matengo (yale maboya ya pembeni yanayoizuia ngalawa isipinduke), na matengo yenyewe. Ukikosa kipande kinene, panga mbao nyembamba tabaka juu ya tabaka, uzinatishe, ndipo uchonge.

Gundi nyeupe ya kawaida ni nzuri mno kwa mbao za ndani ya nyumba, lakini ikilowa inalainika tena. Zipo za daraja la D3 na D4 zinazostahimili maji zaidi, na alama hiyo huandikwa kwenye chupa. Kwa chombo kitakachokaa majini, mimi nachagua epoksi ya mirija miwili, ile inayochukua saa nyingi kukauka. Ya dakika tano ni ya kazi za haraka, na maji huishinda mapema. Toa kiasi sawa cha kila mrija kwenye kigae, changanya dakika nzima ukikwangua pembeni, maana pale ambapo sehemu mbili hazikukutana patabaki na unato milele. Vaa glavu za plastiki. Ngozi ikishaizoea epoksi vibaya huanza kuwasha kila ukiigusa, na hali hiyo haiondoki. Tofauti na gundi nyeupe, ambayo hutaka mbao zibanwe kwa nguvu, epoksi ibane kwa upole. Ukikamua yote nje, ungio litabaki na njaa.

Mbao zinyonye. Kichwa cha mbao, pale penye vinyweleo vilivyokatwa, hunywa gundi kama sifongo. Paka epoksi mara ya kwanza, subiri ianze kushika, paka tena, ndipo uunganishe. Na kwa kuwa uko Tanga, najua mabaki ya mitiki ya Longuza si adimu huko. Mtiki ni mzuri kwa matengo, lakini una mafuta yake yanayoikataa gundi. Ufute kwa kitambaa chenye asetoni, usubiri dakika chache ukauke, unatishe papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Kabla hujaigusa ngalawa yenyewe, chukua vipande viwili vya mbao ileile, vinatishe kwa gundi uliyonunua, uviache siku mbili, kisha vilaze kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi vivunje kwa mikono. Mbao ikichanika na ungio likabaki limeshikana, anza kazi. Ungio likiachia safi, nyuso mbili zikang'aa, niandikie uniambie ni mbao gani na uliisafishaje, tutatafuta pamoja lilipokosewa kabla babu hajaiona.